Gari la Badibanga

Gari lililetwa Jumanne asubuhi, likivutwa kwa kamba nyuma ya kamioneti. Matairi yalikuwa yameishiwa pumzi, hata vyuma vya magurudumu vikawa vinakwaruza lami, na watu wa mtaa wa Kamalondo wakalisikia kabla ya kuliona. Washonaji walioweka cherehani zao barazani waliacha kushona, wakalitazama likiingizwa polepole uani kwa Clément Mwelwa. Lilikuwa Peugeot 404, jeupe, au lililokuwa jeupe zamani. Kutu ilikuwa imekula chini ya milango yote minne, pembe za buti, na kuzunguka taa za mbele, hata taa zenyewe zikaonekana kama macho ya mtu aliyekesha.

Clément alikuwa fundi wa bodi za magari, tolier kama wanavyosema Lubumbashi. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na thelathini na mitatu kati ya hiyo aliimaliza katika ua ule ule, kwanza kama mwanafunzi wa fundi Bwalya, kisha, Bwalya alipofariki, kama mwenye ua. Alifuta mikono, akalizunguka gari mara moja.

"Papa Clément, yambo," alisema mtu aliyeshuka kwenye kamioneti. Alikuwa Alexis Numbi, mwanamume wa miaka arobaini hivi, mwenye shati la ofisini na viatu ambavyo hakutaka vishike vumbi. "Nimekuletea mugonjwa."

"Huyu haiko mugonjwa," Clément akajibu. "Huyu alishakufa zamani. Munaniletea nimufufue."

Alexis akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Akaeleza. Gari lilikuwa la baba yake, mzee Jeannot Numbi, aliyefanya kazi katika ofisi za reli mpaka alipostaafu. Kwa miaka kumi na miwili lilikuwa limekaa nyuma ya nyumba chini ya turubai. Sasa mzee alikuwa anaumwa figo, na daktari alikuwa ameshawaambia wamrudishe nyumbani akae na watu wake. Katika yote ambayo angeweza kuomba, mzee aliomba jambo moja: tarehe kumi na tano ya mwezi wa nane, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, apelekwe misa ndani ya gari lake.

"Injini kuna mekanisyé atakuya kuitengeneza hapa hapa," Alexis alisema. "Lakini Papa anasema, hata injini ikohoe, haizuru. Bodi njo ikuwe safi. Anasema hawezi kuenda mbele ya Mungu na matundu."

Clément akahesabu majuma kichwani. Ulikuwa mwanzo wa mwezi wa sita, kiangazi kimeanza, rangi ingekauka vizuri. Akakubali.

Alianza kazi kama alivyoianza siku zote: kwa nyundo ndogo, akigonga na kusikiliza. Bati zima hulia. Bati lililooza hunyamaza. Mahali pengi palinyamaza. Alipobonyeza chini ya mlango wa dereva, kidole chake kilipita mpaka ndani, na kutu ikamwagika chini kama unga wa muhogo uliochomwa. Waliolitengeneza gari hilo siku za nyuma walikuwa wameziba matundu kwa mastiki na karatasi za magazeti, kisha wakapaka rangi juu. Clément aliitoa mastiki vipande vipande, vikubwa kama mkate mkavu, akiwalaani mafundi hao kimoyomoyo, kama afanyavyo kila fundi anapofungua kazi ya mwenzake.

Aliposugua kwa msasa, nyeupe ikatoka. Chini yake ikatokea kijivu, na chini ya kijivu ikatokea buluu, ile buluu nyepesi ya anga baada ya mvua. Aliitazama buluu hiyo kwa muda mrefu kidogo. Lakini magari ya namna ile yalikuwa mengi zamani, na mengi yalikuwa ya buluu. Akaendelea kusugua.

Siku ya tisa alilipindua gari ubavu, akaliegemeza juu ya matairi makuukuu, apate kuona sakafu. Lami iliyopakwa chini kuzuia maji ilikuwa imepasuka, akawa anaikwangua kwa patasi. Chini ya miguu ya abiria wa mbele patasi ikagonga kitu kigumu. Akakwangua taratibu. Kikatokea kiraka.

Kilikuwa kiraka kibaya. Kilikuwa na pembe tano, upande mmoja umepinda, na lehemu ya shaba ya njano ilikuwa imerundikana ukingoni kama tope kwenye kiatu. Hakuna fundi anayekata kiraka cha pembe tano ila bati limempungukia. Clément akaingia ndani ya gari, akainua zulia lililooza, akapangusa vumbi kwa kiganja. Upande wa juu wa bati, herufi tatu nyekundu za kopo la maziwa ya unga zilikuwa bado zinasomeka.

Akakaa chini pale pale, miguu nje, kichwa ndani. Kile kiraka alikitia yeye.

Mwaka wa tisini na moja Clément alikuwa na miaka kumi na minane, na kazi yake kwa Bwalya ilikuwa kufagia, kushika bati na kunyamaza. Mteja ambaye Clément alimpenda kuliko wote alikuwa Bwana Badibanga, mkuu wa ofisi moja kwenye reli, mtu mnene aliyecheka akitikisa mabega, ambaye kila Jumamosi alileta gari lake la buluu hata kama halikuwa na kasoro, apate tu kuzungumza. Siku moja lilipatikana tundu kwenye sakafu. Bwalya akataka kuliziba, Badibanga akamzuia.

"Wacha mutoto ajaribu," alisema. "Pale chini nani ataona?"

Clément alihangaika siku nzima na kopo la maziwa na kijiti cha shaba ya kulehemia. Alipomaliza, Badibanga alilala chali katika vumbi na suruali yake ya ofisini, akakitazama kiraka kutoka chini, akatoka, akampa mkono kama mtu anavyompa mkono mkubwa mwenzake. "Merci, maître," alisema. Hakuna aliyekuwa amewahi kumwita Clément fundi kabla ya siku hiyo.

Mwaka uliofuata maneno yalibadilika mjini. Watu wa Kasai, ambao wengi walizaliwa hapo hapo Lubumbashi, na ambao babu zao waliletwa kutandika reli na kuchimba shaba, walianza kuitwa wageni na kuambiwa warudi kwao. Kwanza yalikuwa maneno, kisha mawe, kisha moto. Familia nzima nzima zilihamia stesheni na magodoro na masufuria, zikangoja treni kwa majuma.

Bwalya alikuwa amekwenda Sakania kutafuta mabati siku Badibanga alipoingia uani. Ilikuwa saa sita mchana. Shati lake lilikuwa halijabadilishwa kwa siku kadhaa, na kwenye kiti cha nyuma binti yake mdogo alikuwa amekumbatia sufuria.

"Clément, nakuachia motokari," alisema, akamtilia ufunguo mkononi. "Si kwa Bwalya. Kwa weye. Sisi tutarudia, ikuwe mwezi moja, ikuwe mwaka moja. Uiwashe mara moja kwa wiki, juu batri isikufe."

Akamshika mtoto mkono, akaondoka kwa miguu kuelekea stesheni. Hakugeuka nyuma.

Siku ya nne vijana saba walikuja. Mmoja wao alikuwa amesoma na Clément darasa moja. Wakauliza ufunguo wa gari la mgeni uko wapi. Clément akautoa mfukoni, akawapa. Hakuna aliyempiga. Hakuna hata aliyemsukuma. Hawakuuliza mara ya pili. Kwa miaka yote iliyofuata, hilo ndilo aliloshindwa kulimeza: kama wangempiga angalau meno mawili yatoke, angekuwa na kitu cha kumwonyesha mwenye gari.

Baada ya majuma mawili barua ilifika, imeandikwa Kamina, ambako treni ilikuwa imekwama. Nusu ukurasa, mwandiko mzuri wa karani. Badibanga aliuliza hali ya gari, akamsalimu Bwalya, akakumbusha habari ya betri. Clément aliisoma mara mbili, akaitia motoni. Hakujibu. Baadaye alisikia kwamba gari lilivushwa kwenda Zambia, akaamua kuamini hivyo, kwa sababu gari lililovuka mpaka si rahisi kukutana nalo tena.

Sasa lilikuwa limelala ubavu mbele yake.

Laurentine, mke wake, alipoleta chakula saa saba alimkuta bado amekaa. Aliweka sinia juu ya pipa, akangoja. Walikuwa wameoana kwa miaka ishirini na sita, na alijua ukimya wa kuchoka na ukimya wa hasira. Huu ulikuwa ukimya mwingine.

"Uko na nini?" aliuliza.

Akamwambia. Alikuwa hajamwambia mtu yeyote, hata Bwalya, ambaye alirudi toka Sakania akakuta ua mtupu na hakuuliza. Laurentine alisikiliza mpaka mwisho, huku akiwafukuza nzi kwenye bukari, ugali wa kwao.

"Ulikuwa mutoto," alisema.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Yeye aliniita maître."

Laurentine hakubishana. Akafunika sinia kwa kitambaa. "Alors, uende kumuuliza ule muzee," alisema. "Weye unajua namna gani motokari ilitoka. Namna gani ilifika kwake, yeye njo anajua."

Jumapili baada ya misa Clément alikwenda nyumbani kwa mzee Numbi. Alimkuta ameketi kwenye kiti cha kamba kivulini mwa ukuta, miguu imevimba, blanketi magotini ingawa jua lilikuwa kali, redio ndogo ikisema peke yake pembeni. Walisalimiana, wakaulizana habari za nyumbani. Clément akaletewa kiti na maji. Maji hakuyanywa.

"Papa," alisema, "ile motokari ulinunua kwa nani?"

"Juu ya nini unauliza?"

"Juu nimekuta kiraka ku sakafu. Ni miye nilikitia. Nilikitia ku motokari ya Papa Badibanga."

Mzee akanyoosha mkono, akaizima redio. Ilimchukua muda, na Clément hakujua kama amsaidie au amwache.

"Nilijua tangu siku ya kwanza," mzee alisema mwishowe. Sauti yake ilikuwa nyembamba, kama inatoka chumba cha pili. "Mi na Badibanga tulikuwa biro moja. Meza yake na yangu zilikuwa zinagusana. Miaka kumi na moja tulikuwa tunagawa mukate. Bale bavijana balileta motokari mpaka ku mulango yangu. Bakasema, Papa, weye uko mutu wetu, utupatie magunia mbili ya bunga tukuachie. Ukikatala, tunaichoma hapa hapa. Nikasema mu roho, heri miye niikamate, siku moja nitamurudishia. Njo vile nilisema." Akavuta pumzi. "Kiisha nikaipaka nyeupe. Weye fundi, unielezee. Mutu mwenye anataka kurudisha kintu, anakipaka rangi juu ya nini?"

Mzee akalivuta blanketi magotini, akaendelea.

"Na kiti yake ku biro, bakanipa vilevile. Niliikala mpaka pansio. Nimeungama hii maneno kwa mapadri watatu. Padri anasamehe. Unarudi ku nyumba, motokari ingali inakungoja mu lupango, ku nyuma ya nyumba."

"Papa," Clément alisema, "ufunguo, ni miye niliwapa."

Mzee alimgeukia, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu Clément aketi. "Balikupiga?"

"Hapana."

"Hata kofi?"

"Hata kofi."

Mzee akatikisa kichwa polepole. Hakumlaumu wala hakumfariji. 

"Utoe ile nyeupe yote," mzee alisema. "Uirudishe vile ilikuwa."

"Bantu ya zamani batajua."

"Nataka bajue. Mi sina tena nguvu ya kusimama mbele ya bantu. Na umutafute, Clément. Yeye, ao batoto yake."

Kutafuta hakukuwa kugumu kama Clément alivyoogopa, na hilo nalo lilimwuma. Watu wengi wa Kasai walikuwa wamerudi Lubumbashi miaka ya baadaye, wakafungua tena maduka na nyumba zao, au nyumba nyingine kama za kwao zilikuwa zimeshapata wenyewe wapya. Sokoni kulikuwa na mama mmoja wa Kasai, muuza vitambaa, Mama Léonie, ambaye Laurentine alinunua kwake kila mwaka. Akiwa msichana alikuwa amengoja treni ile ile. Clément alipolitaja jina la Badibanga, mama huyo aliacha kukunja kitambaa. Hakuuliza kwa nini analitaka. Alimpa namba ya simu ya binti wa Badibanga, Kapinga, muuguzi huko Mwene-Ditu, upande wa Kasai.

Ingemchukua dakika mbili miaka kumi iliyopita. Ingemchukua dakika mbili miaka ishirini iliyopita.

Alipiga simu akiwa uani, amesimama, mkono mmoja juu ya paa la gari. Alijitaja jina. Upande wa pili sauti ya mwanamke ikasema, bila hasira, "Clément wa motokari?"

"Ndiyo, mama."

"Uko muzima."

Hakujua kama ni swali. Akasema yote kwa haraka, vijana saba, ufunguo, barua, mzee Numbi, kiraka. Alipouliza baba yake yuko wapi leo, apate kumwomba radhi, Kapinga alimkatiza.

"Papa hakufika. Tuliacha Kamina, siku ya tatu tumbo ikamukamata mu wago. Maji haikukuwa. Walimuzika pembeni ya reli, wakati treni ilikuwa inangoja. Mahali pale sitapajua tena."

Clément aliegemea gari.

"Siku ya mwisho alikuwa anamuambia Mama, usiogope, motokari iko kwa Clément. Mama aliishi miaka kumi na ine nyuma yake. Tukikosa pesa ya masomo, tukikosa dawa, alikuwa anasema, kama njia ikifunguka tutaenda kukamata motokari kwa Clément, tutauzisha. Alikuwa anasema vile mpaka alikufa. Hata siku moja hakusema hukujibu juu uko mubaya. Alikuwa anasema barua ilipotea."

Pikipiki ilipita nje. Mshonaji mmoja alikuwa anacheka na mteja. 

"Ulikuwa na miaka ngapi?" Kapinga akauliza.

"Kumi na tisa."

"Miye, munane. Nilikuwa nyuma, na sufuria. Ingali buluu?"

"Ilipakwa nyeupe. Sasa nairudisha buluu. Ikimalizika ni yenu, mama. Nitaileta mi mwenyewe ku treni."

"Hapana." Alilisema upesi, kama mtu anayeondoa mkono kwenye sufuria ya moto. "Sitaki ipande treni. Batoto yangu watauliza imetoka wapi, nitawaambia nini? Unitumie picha. Picha moja. Kiisha usiniite tena."

"Nakuomba musamaha, mama."

"Nimesikia," alisema Kapinga. "Siwezi kukuambia ni bien, haina neno. Sijui kama iko bien." Akakata simu.

Clément alirudi kazini kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kwenda. Kiraka cha pembe tano ilibidi akikate: shaba haikubali kuchomelewa juu yake, chuma kipya hakishiki, na pembeni kutu ilikuwa imeshatambaa. Alikata akaacha ukingo safi, akapima, akakata bati jipya la pembe nne, akalikunja kidogo lifuate mgongo wa sakafu. Kile cha zamani alikitupa kwenye rundo pamoja na vingine. Akatengeneza upya chini ya milango, akazijenga pembe za buti, akanyoosha paa lililobonyea. Katika maisha yake alikuwa hajawahi kufanya kazi safi namna ile, hata mahali ambapo hakuna jicho lingefika. Mafundi wa jirani walikuja kutazama na kumsifu, na kila sifa ilimwingia vibaya.

Mwishoni mwa mwezi wa saba Alexis alifika, akakuta gari ni la buluu.

"Hii ni nini, Papa Clément? Motokari yetu ni nyeupe!"

"Uende kumuuliza papa yako."

"Nakuuliza weye."

"Mi nitakuambia sehemu yangu tu," Clément akasema, na akamwambia. Alexis alisikiliza akiwa amesimama, uso ukimbadilika, kisha akaondoka bila kuaga. Alirudi siku ya tatu. Hakuwa amenyoa.

"Ametuambia sisi wote," alisema, macho chini. "Dada yangu alitoka inje, hajarudia mpaka leo. Papa Clément, sisi batoto tulienda masomo mu ile motokari. Kila asubuhi. Nilikuwa naosha vitre zake, kioo kwa kioo, kila Jumamosi, nikiringa mbele ya bale wengine." Akapitisha kidole kwenye ukingo wa mlango, pale ambapo kutu ilikuwa imejaa zamani. "Mi sitaiendesha. Weye umupeleke."

Kwa hiyo tarehe kumi na tano ni Clément aliyeshika usukani. Walimweka mzee mbele, wakamzungushia mito, shati jeupe likimpwaya shingoni.  Injini ilikohoa mara mbili, ikakubali. Walipoingia mtaa wa kanisa, watu walikuwa wengi nje, wanawake katika sare za shirika la Mama Maria, watoto na nguo mpya. Vijana walipiga miluzi kwa uzuri wa gari. Lakini wazee walinyamaza. Clément aliliona likitokea usoni mwa mmoja baada ya mwingine: kwanza kutabasamu, kisha kutafuta, kisha kukumbuka. Mstaafu mmoja wa reli, Sylvain, aliyeegemea fimbo, alivua kofia yake. Halafu akamwona aliyekaa ndani, akaivaa tena na kugeuza mgongo.

Mzee Numbi aliona yote. Hakufunika uso.

Mama Léonie alitoka katikati ya watu. Alikuja mpaka kwenye gari, akaweka kiganja juu ya boneti ya moto, akakiacha hapo. Akamtazama mzee kupitia kioo. Mzee alifungua mdomo. Midomo ilikwenda, sauti haikuja. Machozi yalimshuka akayaacha yashuke.

"Misa inaanza," Mama Léonie alisema. Akatangulia kuingia ndani, bila kumpa mkono.

Clément alimbeba mzee mgongoni mpaka kwenye benchi la mwisho. Alikuwa mwepesi kuliko mlango wa gari.

Kabla ya kurudi, gari likiwa kivulini mwa kanisa, Clément alilipiga picha na kuituma Mwene-Ditu. Alama zilimwonyesha kwamba imefunguliwa. Jibu halikuja, siku hiyo wala siku nyingine, naye alitimiza alichoombwa, hakupiga tena.

Mzee Numbi alifariki wiki ya pili ya mwezi wa tisa. Aliyeongoza mazishi alisoma miaka yake yote ya kazi, na alipofika mwaka wa tisini na mbili Alexis aliinamisha kichwa. Baada ya matanga watoto hawakutaka gari libaki nyumbani. Walimpa mfanyabiashara mmoja wa Sakania aliyelipenda kwa macho tu, asiyejua lolote, na Clément hakwenda kulishuhudia likiondoka. Aliisikia ile injini kwa mbali, ikikohoa, akaendelea kunyoosha mlango wa teksi.

Saa saba Laurentine alileta chakula. Siku hiyo hakuondoka baada ya kuweka sinia. Aligeuza ndoo, akaikalia, akamnawisha mumewe mikono.

"Clément," alisema, "ule Papa Badibanga. Alikuwa mutu wa namna gani?"

Kwa miaka thelathini na miwili Clément alikuwa amemfikiri mtu huyo kama deni na kama mgongo unaokwenda stesheni. Ilimbidi atafute. Akamega bukari, akaishika bila kuipeleka mdomoni.

"Alikuwa anapenda karanga," alisema. "Mifuko yake yote ilijaa maganda. Bwalya alikuwa anakasirika, juu alikuwa anaangusha maganda mu rangi mubichi." Akatafuta tena. "Na alikuwa muongo mukubwa wa mupira. Alisema alichezea timu ya reli, namba tisa, na tumbo ile! Siku moja tulimupa mupira hapa hapa, akapiga, kiatu ikaenda kule, mupira ikabakia..."

Laurentine alicheka. Clément naye akacheka, kisha uso ukamkunjika, akaendelea kusimulia hivyo hivyo, sauti ikikatika na kurudi, na mkewe hakumkatiza. Bukari ilipoa mikononi mwake.